Uwanga: kiazi kinachoamka na masika

Masika yakianza kusini mwa Pemba, kwenye vichaka vya mchanga huchipua mmea wa jani kubwa lililochanika kama la mpapai. Ni uwanga. Maua yake hukaa juu ya kikonyo kirefu, na kati yao huning'inia nyuzi nyembamba kama ndevu. Kiangazi jani hukauka, kiazi hubaki kimelala ardhini.

Wenzetu wa Kisiwa Panza, wenye ardhi ya mchanga na mawe ya tumbawe, wanaweza kuupanda nyuma ya nyumba. Chagua kiazi kidogo kisicho na jeraha, ukifukie kabla ya mvua penye kivuli chepesi. Maji yakituama kitaoza. Usichimbe jani likiwa bichi. Subiri linyauke lenyewe, kisha chukua vikubwa, vidogo uvirudishe shimoni. Anayekomba vyote mwakani hapati kitu.

Sasa lililo zito. Kiazi hiki ni kichungu na kina sumu, hakichemshwi tu kikaliwa kama muhogo. Kimenye, ukikwaruze, ukikamue majini na kuchuja kwa kitambaa kama unavyochuja tui. Uache wanga utuame, umwage maji, utie mengine, na urudie mara nyingi mpaka uchungu uishe kabisa. Ndipo uanike juani upate unga wa uji. Maji ya kuoshea yamwagwe mbali na kuku na mbuzi. Ambaye hajawahi kuutengeneza asijaribu peke yake. Akafunzwe kwanza na bibi anayeujua.