Kofia, Mto na Gauni: Ushonaji wa Akina Mama wa Kanisa kwa Wagonjwa

Ushonaji wa vitu vya faraja ni kazi ya kujitolea, inayofanywa zaidi na vikundi vya akina mama wa makanisa. Hununua au kuchangishana vitambaa, wakakata, wakashona, kisha wakapeleka wodini vitu ambavyo si dawa lakini vinampunguzia mgonjwa maumivu, baridi au aibu. Katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Songwe makanisa yana mizizi mirefu: Wamoravian walifika Mbozi mwaka 1899. Wakatoliki wana WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania), iliyoanzishwa mwaka 1972, na madhehebu mengine yana idara zao za wanawake. Pilika huzidi wakati wa Kwaresima na kuelekea Siku ya Wagonjwa Duniani, inayoadhimishwa kila tarehe 11 Februari tangu 1993. Zawadi za siku hizo aghalabu ni sabuni, sukari na mafuta ya kupaka. Vilivyoshonwa huwa vichache, na ndivyo vinavyohitaji maarifa.

Kinachohitaji maarifa kuliko vyote ni kofia ya mtoto njiti. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za ujauzito hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, na kichwa chake ni kikubwa kwa kulinganisha na mwili, hivyo joto jingi hupotelea kichwani. Joto lake likishuka chini ya nyuzi 36.5 huanza kulegea, kunyonya kunamshinda na sukari ya damu hupungua. Mkoani Songwe, mji wa Tunduma huwa na baridi Juni na Julai, lakini hata upande wa Wilaya ya Momba wenye joto, kuelekea Bonde la Rukwa, njiti hupoa. Tiba yake kuu ni huduma ya kangaroo, iliyoanzia Bogotá mwaka 1978: mtoto hulazwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, akiwa amevaa nepi, soksi na kofia tu. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri ianze mara tu baada ya kuzaliwa, kwa saa 8 hadi 24 kwa siku.

Kosa la kawaida katika kushona kofia ni kipimo. Kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi yake kina mzunguko wa sentimita 35 hivi. Cha mtoto aliyezaliwa wiki ya 30 ni kama 28. Fundi akipimia kichwa cha mjukuu wake, kofia itamfunika njiti hadi puani. Uzi uwe wa pamba laini, kwa sababu sufu humwasha, na pasiwe na kamba, kifungo wala shanga. Kitambaa cha kumfungia mtoto kifuani hakina haja ya kushonwa kabisa: kanga inatosha, na kila mama anajua kuifunga.

Mto wa moyo haujulikani sana. Hushonwa kwa umbo la kopa na huwekwa kwapani kwa mwanamke aliyetolewa titi kwa sababu ya saratani. Upasuaji huo mara nyingi huondoa pia tezi za kwapa, na mkono ukiegemea mshono huuma. Mto huubeba mkono ukakaa mbali na kidonda. Wazo hilo lilitoka Marekani, likaenezwa Ulaya na muuguzi wa Denmark, Nancy Friis-Jensen. Kwa mgonjwa wa Chitete, wilayani Momba, aliyepewa rufaa hadi Mbeya, faida kubwa huonekana wakati wa kurudi: kutoka Mbeya hadi Tunduma peke yake ni zaidi ya kilomita 100 za basi, na kila tuta barabarani huutikisa mkono. Mto usijazwe ukawa mgumu, wala usijazwe sufi, kwani ikifuliwa hugandamana na kubaki madonge. Nyuzi za poliesta hufulika na kukauka upesi.

Gauni la mgonjwa lifunguke mgongoni na kufungwa kwa kamba za kitambaa, ili mwenye mkono wa dripu avalishwe bila kuusogeza sana. Taulo za kike za kufua hufaa kwa waliojifungua na kwa wenye fistula, ambao mkojo huwatoka bila kujizuia. Kitambaa cheusi huficha doa, lakini huficha pia damu inayozidi ambayo muuguzi alipaswa kuiona. Cha rangi nyepesi ni salama zaidi.

Kila kitu kifuliwe kabla ya kupelekwa, kianikwe juani juu ya kamba na kupigwa pasi pande zote. Kuna nzi wa Afrika, Cordylobia anthropophaga, anayetaga kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au chini. Funza wake huingia ngozini na kusababisha uvimbe kama jipu. Joto la pasi, hata ya mkaa, huyaua mayai hayo.

Ugawaji upitie kwa muuguzi kiongozi wa wodi, anayejua nani ana kidonda na nani hataki kupigwa picha. (Picha za kukabidhi msaada zina wapenzi wengi kuliko msaada wenyewe.) Magauni na mashuka hubaki hospitalini, kwa hiyo hutiwa alama ya wodi kwa uzi kwenye pindo. Kofia, taulo na mito ni mali ya mgonjwa, naye huondoka navyo.