Mungu wa Kike wa Bronzi na Swali la Asili Yake

Sanamu ya kale ya bronzi, hata ikiwa nzuri kiasi gani, hubeba sehemu tu ya thamani yake katika umbo, kwa kuwa sehemu iliyobaki imo katika kumbukumbu ya mahali ilipotoka, ya fundi aliyeisubu na ya madhabahu iliyowekewa. Jambo hilo linawahusu kwa karibu wakazi wa Arusha, jiji lililo chini ya Mlima Meru, ambako wafuasi wa dini ya Kihindu huabudu miungu wa kike katika mahekalu ya mjini, na ambako biashara ya vinyago na vitu vya kale hutegemea watalii wanaopita kwenda Ngorongoro na Serengeti.

Miongoni mwa kazi za bronzi zinazosifiwa zaidi duniani ni zile za Wakhmer wa Kambodia, ambao dola yao yenye makao makuu Angkor ilistawi kuanzia karne ya 9 hadi ya 15, na ambao mtindo wao ulienea hadi sehemu kubwa ya Thailand ya leo. Wafalme wao walijenga mahekalu kwa mfano wa Meru, mlima mtakatifu ulio kitovu cha ulimwengu katika imani ya Kihindu, usiohusiana na mlima wa Arusha ila kwa kufanana majina. Ndani ya mahekalu hayo waliwekwa Uma, mke wa Shiva, na Lakshmi, mke wa Vishnu, anayeombwa neema na mali. Katika mtindo uitwao Baphuon, wa karne ya 11, mungu wa kike ana kiuno chembamba na kifua wazi, na nguo yake ya mikunjo myembamba, iliyochorwa mmoja mmoja, hushuka chini ya kitovu kwa mbele na kupanda juu kwa nyuma.

Sanamu kama hizo zilitengenezwa kwa njia ya nta. Fundi aliunda umbo kwa nta, akalifunika kwa udongo tabaka kwa tabaka, akalichoma hadi nta ikayeyuka na kutoka, kisha katika uwazi ulioachwa akamimina bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati. Kwa kuwa kalibu ilivunjwa ili sanamu itoke, kila moja ni ya pekee. Kutu ya kijani inayotanda juu yake kwa karne nyingi huchukuliwa na wanunuzi kuwa uthibitisho wa ukale, ingawa tindikali huweza kuileta kwa muda mfupi.

Afrika Mashariki inao mfano wake wa kujifunzia thamani ya kujua kitu kilikotoka. Huko Shanga, mji wa kale wa Waswahili katika kisiwa cha Pate nchini Kenya, uchimbaji ulioongozwa na Mark Horton kuanzia mwaka 1980 ulifukua simba mdogo wa bronzi, wa kutosha kiganjani, wa takriban mwaka 1100. Umbo lake linafanana na sanamu ndogo za ibada za Kihindu kutoka India, ambako simba ndiye kipando cha Durga, mungu wa kike shujaa, lakini wataalamu wamejadili pia uwezekano kwamba alisubiwa huko huko pwani. Mjadala huo una maana kwa sababu moja tu: tabaka la udongo alimolala lilijulikana na kuandikwa. Simba huyo huyo akiokotwa usiku na kuuzwa angekuwa pambo la mezani lisiloweza kusema lolote juu ya Waswahili na Bahari ya Hindi.

Kwa Wahindu wa Arusha, wanaomwadhimisha Durga katika Navaratri, yaani sikukuu ya usiku tisa, sanamu iliyokwisha kuwekwa wakfu si pambo hata kidogo, kwa maana ibada ya wakfu humkaribisha mungu akae ndani yake, naye huvishwa, hupewa maua na huhudumiwa kila siku. Anayeing'oa madhabahuni anawapora watu mgeni wao mtukufu, na ndivyo Kambodia ilivyoporwa wakati wa vita vya karne ya 20. Mwaka 2024 jumba la makumbusho la Metropolitan la New York liliirudishia Thailand sanamu mbili za mtindo huo wa Kikhmer za karne ya 11, mojawapo ikiwa ya mwanamke wa bronzi aliyepiga magoti na kuinua mikono kichwani.

Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, inayolinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na iliridhia mwaka 1977 mkataba wa UNESCO wa 1970 dhidi ya biashara haramu ya mali za utamaduni. Sheria hizo hupata nguvu pale mnunuzi anapodai karatasi zinazoonyesha kitu kilitoka wapi, lini na kwa idhini ya nani, na kukiacha pale muuzaji anaposhindwa kuzitoa, hata kiwe kizuri namna gani na hata bei yake iwe ya kutupa.