Kwa Nini Mshipi Hukatika Kwenye Matete

Mtoto alikuwa wa miaka kama tisa, na beberu aliyemshikilia alimzidi uzito. Beberu alitaka kurudi kwa wenzake. Alivuta, akatifua vumbi, mtoto akaburutwa hatua tatu. Kisha yule mtoto akafanya jambo ambalo kila mtoto wa wafugaji analijua bila kufundishwa darasani: aliukimbilia mti, akaizungusha kamba mara mbili kwenye shina, akaishika ncha kwa vidole. Beberu akavuta tena. Kamba ikakaza, ikalia kidogo, ikasimama. Mtoto akaanza kuangalia mambo mengine.

Hapo ni Digodigo, tarafa ya Sale, wilayani Ngorongoro, nchi ya Wasonjo, ambako maji ya chemchemi yamegawanywa kwa mifereji tangu zama za mababu. Mimi nilikuwa nimekaa kivulini na mpwa wangu, aliyekuwa amerudi jana yake kutoka Mang'ola, wilayani Karatu, alikokwenda kufanya kibarua cha kuvuna vitunguu. Hakumtazama beberu hata kidogo. Alikuwa na uchungu wake.

"Mjomba, alikuwa kambale wa nguvu. Alimeza, akavuta mara moja tu, akaingia kwenye matete. Halafu akatulia kama jiwe. Nikavuta, mshipi ukakatika. Mshipi wa kilo nane!"

Aliamini muuza duka amemdanganya na kumpa mshipi uliooza. Nikamwambia amtazame yule mtoto na beberu wake, kwa sababu jibu lilikuwa mbele yetu.

Karne ya 18 mwanahisabati Mswisi, Leonhard Euler, aliichunguza kamba iliyozungushwa kwenye gogo. Baadaye, mwanzoni mwa karne ya 19, Mjerumani Johann Albert Eytelwein akaifikisha hesabu hiyo kwa mafundi na mabaharia, na leo inaitwa kwa majina ya wote wawili. Walichokigundua ni kwamba kila mzunguko unaoongezwa hauongezi nguvu ya kushikilia, unaizidisha. Tukichukua msuguano wa wastani, ule ambao wahandisi huuandika 0.3, nusu ya mzunguko humfanya mshikaji aweze kuzuia mara 2.6 ya nguvu yake. Mzunguko mzima, mara 6.6. Mizunguko miwili, mara 43. Mitatu, mara 286. Mtoto akishika kamba kwa nguvu ya kilo moja tu, mti unamsaidia kuzuia kilo 43, na beberu hana pa kwenda.

Kuna jambo la pili ndani ya hesabu hiyo, na ndilo linalomhusu mvuvi. Unene wa mti haumo. Kinachohesabiwa ni jumla ya pembe ambazo kamba imepinda. Kwa hiyo si lazima samaki azunguke kisiki. Akipita kwa kupindapinda kati ya matete manane, na kila tete likaupindisha mshipi kidogo tu, nusu ya pembemraba, jumla yake ni sawa na mzunguko mmoja mzima. Tete moja ni dhaifu, litainama. Lakini kishada cha matete yaliyoshikana mizizi hakitikisiki kirahisi.

Sasa mpwa wangu alikuwa upande mbaya wa kamba. Mti uliomsaidia mtoto, yeye ulimgeukia. Ili amsogeze kambale anayevuta kilo moja, ilimbidi avute kilo sita na ushee, na hapo fundo lake, alilolifunga kama mtu anavyofunga kamba ya kiatu, lilikuwa limeshakula karibu nusu ya nguvu ya mshipi. Matete yaliyolowa huteleza kuliko gome la mti, kwa hiyo tarakimu zitashuka. Mwenendo haubadiliki: kila pindo linazidisha. Muuza duka hakuwa na kosa.

Ndiyo maana nasema kwamba anayevua kwenye majani mazito anachagua vifaa kwa swali moja: je, vitamzuia samaki asipate pindo la kwanza? Vita yote huamuliwa katika sekunde mbili za mwanzo. Baada ya hapo unavutana na matete.

Walioumia kichwa zaidi kwa swali hili ni wavuvi wa samaki aitwaye besi wa mdomo mpana. Kwao ni Amerika ya Kaskazini, lakini jirani zetu wa Kenya wanamfahamu: wazungu walimpandikiza Ziwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920, na yupo hadi leo, katika ziwa lililozungukwa na mafunjo na ambalo gugu maji lilionekana humo mwaka 1988. Besi hawindi kwa kukimbiza. Anajibanza kwenye majani, anangoja, na windo likikaribia anafungua mdomo ghafla na kulivuta ndani pamoja na maji, katika muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa nguvu hiyo inatoka kwenye misuli ya kichwa. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, Ariel Camp, Thomas Roberts na Elizabeth Brainerd, waliwapiga besi picha za eksirei wakati wanakula, wakapima umbo la mdomo na mgandamizo wa maji kwa pamoja. Wakakuta misuli ya kichwa ni midogo mno kwa kazi hiyo. Karibu nguvu yote, kama asilimia 95, inatoka kwenye misuli ya mwili, ile ile ya kuogelea. Kwa mvuvi maana yake ni kubwa: injini iliyofungua mdomo ndiyo itakayomgeuza samaki na kumrudisha majanini, na imeshawaka kabla wewe hujasikia chochote mkononi. Hakuna muda wa kusema "ngoja ameze vizuri."

Sasa turudi kwenye vifaa, tuanze na mwanzi. Mpwa wangu alikuwa na ufito mrefu na mwembamba, mzuri kwa perege wa maji ya wazi, kwa sababu unainama na kumchosha samaki taratibu. Kwenye matete, kila sentimita ambayo ncha inainama ni sentimita anayopewa kambale ya kuingilia ndani. Ugumu wa mwanzi unafuata sheria ya ajabu: unakwenda kwa unene uliozidishwa kwa wenyewe mara nne. Mianzi miwili ya urefu mmoja na umbo moja, mmoja una kipenyo cha sentimita 2 na mwingine sentimita 3. Kwa macho tofauti ni kidole kimoja cha mtoto, lakini wa pili ni mgumu mara tano. Urefu nao una hesabu yake. Ukiukata mwanzi wa mita 4 ukabaki na mita 3, ugumu wake unapanda zaidi ya mara mbili. Basi kwa matete chukua mnene, mfupi kidogo, uliokauka kivulini. Na usiuparue ngozi ili ung'ae. Ukiukata mwanzi na kuutazama kwa karibu utaona vitone vyeusi vimesongamana upande wa nje na kutawanyika upande wa ndani. Hivyo ndivyo vifurushi vya nyuzi zake, na nguvu ya mwanzi iko huko nje. Anayeuparua anatupa chuma na kubaki na nyama.

Mshipi wa dukani ni nailoni, iliyotengenezwa mara ya kwanza Februari 1935 katika maabara ya kampuni ya DuPont, Marekani, chini ya mkemia Wallace Carothers. Ni kitu kizuri, lakini ina tabia mbili ambazo mvuvi wa matete lazima azijue. Inanyonya maji, na ikilowa inapungua nguvu. Na inanyumbuka. Ukiwa umetoa mita 10 za mshipi na ukanyumbuka hata kwa sehemu moja ya kumi, kambale amepata mita nzima ya bure, na kwenye matete mita moja inatosha mapindo manane. Wenye fedha hutumia uzi wa kusuka wa nyuzi za polithini, uliotokana na ugunduzi wa Waholanzi mwishoni mwa miaka ya 1970: karibu haunyumbuki hata kidogo, na kwa unene uleule una nguvu mara kadhaa ya nailoni. Ukikazwa unakata hata bua la jani.

Kwa asiye na fedha hizo, dawa ni kuufupisha mshipi. Mshipi usizidi urefu wa mwanzi. Mita 2 za nailoni nene, zimefungwa kwenye ncha, zinanyumbuka kidogo sana. Unazishusha wima kwenye tundu la maji kati ya majani, na akimeza unanyanyua juu moja kwa moja. Usimvute kuja kwako. Juu hakuna matete.

Mpwa wangu akauliza: mshipi mnene hawauoni? Swali la haki. Perege anaweza kuuona. Kambale kwenye maji ya tope hategemei macho, anategemea sharubu, pua, na hisi nyingine ambayo sisi hatuna. Mwaka 1917 Wamarekani wawili, Parker na van Heusen, waliwaziba macho kambale wa kwao na kuwasogezea fimbo majini. Fimbo ya kioo haikuwashtua mpaka ilipogusa ngozi. Ya chuma waliihisi ikiwa bado sentimita kadhaa mbali. Haukuwa uchawi: chuma ndani ya maji huzaa umeme mdogo mno, na ngozi ya kambale ina vijishimo vya kuupokea. Kambale wetu wa Afrika wana vijishimo hivyo pia. Kila kiumbe hai majini hutoa umeme hafifu, kwa hiyo kambale humkuta gizani samaki aliyejificha majanini. Ficha chuma cha ndoana ndani ya chambo. Usihangaike na rangi ya mshipi.

Kuificha ndoana kuna faida ya pili, na wavuvi wa besi ndio waliofanya mazoea hayo: ncha ikiwa nje, itashika kila jani kabla ya samaki. Pitisha ndoana kwenye kipande cha utumbo wa kuku, kisha irudishe ncha ilale chini ya ngozi tu, itoke pale itakapobanwa. Chubwi liwe jembamba kama risasi, si la duara, lipenye majani na kushuka.

Wapi pa kushusha? Chini ya zulia la majani yanayoelea mwanga haufiki na hewa ya oksijeni ni chache, hasa alfajiri. Perege hapo hutaabika, hukimbia. Kambale ana kiungo kama matawi ya mti juu ya matamvua, anapumua hewa ya juu kama sisi. Tazama tundu ambalo maji yanapanda na kuvunjika, kisha viputo. Yuko hapo, na atarudi kupumua. Mtafiti Glenn Merron aliandika mwaka 1993 kuhusu kambale wa delta ya Okavango, Botswana, ambao mafuriko yakipungua hukusanyika makundi makubwa na kuwinda pamoja kwenye kingo za mafunjo, wakipiga mikia kwa kelele. Anayevua ukingoni mwa majani maji yanaposhuka anafanya vyema kuliko anayetupa katikati ya ziwa.

Ziwa Eyasi, karibu na Mang'ola alikokuwa mpwa wangu, lina mambo yake. Ni ziwa la magadi. Mwaka wa ukame hukauka hadi Wadatoga na Wahadzabe wanalivuka kwa miguu. Mwaka wa El Nino linafurika, wavuvi humiminika kufuata kambale na kamongo, na viboko nao wanakuja. Humo mna perege aitwaye kitaalamu Oreochromis amphimelas, asiyepatikana nje ya Tanzania. Mtu asije akapata wazo la kuleta besi kutoka Naivasha. Samaki mwenye mdomo ule, akiingia kwenye maji ya perege asiyemjua, atawameza wadogo wote, na hakuna atakayeweza kumtoa.

Jambo la kiboko nalisema kwa uzito. Mshipi ukikwama, kijana huvua viatu na kuingia kwenye matete kuuchomoa. Usiingie. Ndoana ni ya bei ndogo. Legeza kwanza, ngoja dakika mbili: usipovuta, samaki mara nyingi hujisogeza mwenyewe, na kila pindo analolifungua linagawanya mzigo wako kama lilivyouzidisha. Akishindikana, kata mshipi ukiwa nchi kavu.

Mpwa wangu alisikiliza yote hayo, akaenda kwa yule mtoto, akaomba kuishika ile kamba. Akafungua mzunguko mmoja. Beberu akamvuta. Akaurudisha, beberu akasimama. Akafanya hivyo mara nne.

Nina ombi moja kwa wanaovua Eyasi, Manyara, Babati na kwingineko penye matete. Kipande cha nailoni kilichokatika, kilichobaki mwanzini mwako, usikitupe majini wala ukingoni. Kinakaa miaka mingi bila kuoza, na mbuzi huja kula matete machanga, na ndege hutembea humo. Kizungushe kwenye kijiti, rudi nacho nyumbani, ukichome au ukifukie mbali na maji.