Jaji Akivua Joho Mapema, Anaondoka na Nini?

Mei 2006, J. Michael Luttig aliacha ujaji wa mahakama ya rufani ya shirikisho nchini Marekani, akaenda kuwa mwanasheria mkuu wa kampuni ya Boeing. Alikuwa na umri wa miaka 51, na kitini alikuwa amekaa karibu miaka 15. Mshahara wa jaji wa ngazi yake mwaka huo ulikuwa dola 175,100. Pensheni ya ujaji aliyoondoka nayo? Hakuna. Hakufukuzwa, wala hakuwa na deni la michango. Umri tu ulikuwa haujafika.

Wengi tukisikia kwamba majaji wa shirikisho kama yeye huteuliwa kwa maisha yao yote, tunadhani pensheni yao hujengeka mwaka hadi mwaka kama ya mwalimu au nesi. Sivyo. Jumlisha umri wa jaji na miaka aliyotumikia: lazima ifike 80, na yeye mwenyewe awe ametimiza angalau miaka 65. Mwenye 65 anatakiwa awe na utumishi wa miaka 15, mwenye 66 awe na 14, na hivyo hivyo kushuka hadi mwenye 70 anayetosheka na 10. Jaji wa miaka 64 aliyetumikia miaka 30 ana jumla ya 94, lakini akijiuzulu leo haambulii kitu. Akivumilia mpaka siku yake ya kuzaliwa, analipwa mshahara wote mpaka mwisho wa uhai wake. Mwaka 2025 mshahara huo ulikuwa dola 247,400 kwa jaji wa wilaya na 262,300 kwa jaji wa rufani.

Kwa mafao hayo hakatwi hata senti ya mchango. Gharama yake ni miaka, na hapo hesabu inageuka kichekesho. Anayeteuliwa akiwa na miaka 60 anayapata baada ya miaka 10. Mwenye 50 anasubiri 15. Luttig, aliyeteuliwa akiwa na 37, angesubiri 28. Mafao ni yale yale, ila kijana anayalipia karibu mara tatu ya mzee. Na ni kijana huyo huyo mwenye watoto wanaokaribia chuo kikuu, ambaye kampuni kubwa zinamtaka.

Anayetimiza masharti hayo huwa na njia mbili. Ya kwanza ni kustaafu moja kwa moja: mshahara wake unaganda pale ulipokuwa siku anayoondoka, lakini yuko huru kufungua ofisi ya uwakili na kupokea ada. Ya pili ni kubaki kama jaji mwandamizi na kufanya angalau robo ya kazi ya jaji wa kawaida, huku mshahara ukipanda pamoja na wa wenzake. Asiyetaka njia yoyote kati ya hizo akaendelea na kazi nzima, kwa kweli anafanya kazi bure, maana fedha ile ile angeipokea akiwa nyumbani.

Kabla ya umri wa kustaafu upo mlango mmoja tu wa pembeni, nao ni ulemavu wa kudumu. Aliyetumikia miaka 10 na kuthibitishwa kwamba hawezi tena kazi hulipwa mshahara wote. Ambaye hajafikisha 10 hupata nusu. Samuel Kent, jaji wa Galveston, Texas, alijaribu kupita hapo mwaka 2009. Alikuwa na miaka 59, alikuwa ametumikia zaidi ya miaka 18, na Februari alikuwa amekiri kosa la kuzuia haki isitendeke, katika kesi iliyotokana na tuhuma za kuwanyanyasa kingono wafanyakazi wa mahakama. Mwezi Mei akahukumiwa kifungo cha miezi 33. Aliomba astaafu kwa ulemavu, akakataliwa. Ndipo akaandika barua ya kujiuzulu kuanzia tarehe 1 Juni 2010, yaani mwaka mzima mbele, ili mshahara wa dola 174,000 umfuate gerezani. Baraza la Wawakilishi likamfungulia mashtaka ya kumwondoa madarakani Juni 19, 2009, na mwisho wa mwezi huo akawa ameondoka kikweli.

Sasa mtazame Alex Kozinski wa mahakama ya rufani ya California na majimbo mengine ya magharibi. Desemba 2017, baada ya wanawake kadhaa kumtuhumu kwa mwenendo mchafu wa kingono, aliondoka, na uchunguzi wa kinidhamu ukafungwa kwa sababu hakuwa tena jaji. Alikuwa na miaka 67 na utumishi wa miaka 32. Kwa kuwa masharti ya sheria aliyatimiza, haki yake ya pensheni kamili ilibaki palepale. Sheria hii haiulizi mtu anaondoka kwa nini, inauliza ana miaka mingapi. Luttig, ambaye hakuwa na doa, aliondoka mikono mitupu.

Wanaofaidika zaidi wakiondoka mapema ni wadogo wao. Mahakimu wa shirikisho na majaji wa kesi za kufilisika hawateuliwi kwa maisha. Huteuliwa kwa vipindi. Katika mfumo wao wa pensheni wanachangia asilimia 1 ya mshahara. Akifikisha miaka 14 ya kazi na umri wa miaka 65, hakimu hustaafu na mshahara wote. Akiondoka baada ya 8, hupata 8 kati ya sehemu 14, ila hupunguziwa kiasi kama anaondoka kabla ya 65. Kwa mshahara wa 2025 wa dola 227,608, hizo ni kama dola 130,000 kila mwaka kuanzia umri wa miaka 65, kabla ya punguzo hilo, kwa michango isiyozidi dola 19,000 kwa miaka yote minane. Sijui duka jingine linalouza hivyo.

Uingereza wana utaratibu wa tatu. Tangu Aprili 2022 jaji huchangia asilimia 4.26 ya mshahara, na kila mwaka wa kazi humwekea pensheni ya asilimia 2.5 ya mshahara wa mwaka huo. Akikaa miaka 10 anajiwekea kama robo ya mshahara, atakayoipokea akifika umri wa pensheni ya serikali. Kinachomuuma ni kwamba anapokubali ujaji wa kudumu anatarajiwa asirudi uwakilini. Hugh Laddie alipouacha ujaji wa Mahakama Kuu mwaka 2005 kwa sababu kazi ilimchosha, akahamia kwenye kampuni ya mawakili, wanasheria wenzake walishtuka.

Huku kwetu katiba zenyewe zinataja umri wa kuondoka mapema. Jaji wa Kenya anastaafu akiwa na 70 lakini anaweza kuchagua kutoka kuanzia 65. Jaji Mkuu Willy Mutunga alitumia nafasi hiyo Juni 2016, akiwa na 69. Tanzania, jaji wa Mahakama Kuu anastaafu akiwa na 60 na anaruhusiwa kutoka kuanzia 55. Wa Mahakama ya Rufani ni 65 na 60.

Ningekuwa wakili wa miaka 40 huko Marekani, nikaletewa barua mbili siku moja, ya ujaji wa maisha na ya uhakimu wa shirikisho, ningejiuliza kama niko tayari kukaa angalau miaka 25. Kama jibu si ndiyo ya moyo wote, ningechukua uhakimu. Heshima yake ni ndogo, lakini baada ya miaka minane kila mwaka wa ziada una bei yake. Na anayekubali ule wa maisha aweke akiba yake binafsi kuanzia mshahara wa kwanza, maana serikali haimwongezei jaji wa maisha hata dola moja katika mfuko wa akiba ya hiari.