Je, Wajua? Mraba Usiosomeka kwa Macho

Msimbo wa QR ulizaliwa kiwandani. Mwaka 1994 nchini Japani, mhandisi Masahiro Hara wa kampuni ya Denso alitafuta njia ya kuwapunguzia kazi watu waliohesabu vipuri vya magari. Msimbopau wa kawaida, ule wa mistari, ulibeba herufi na tarakimu zipatazo 20 tu, hivyo sanduku moja lilibandikwa misimbo kadhaa na kila mmoja ulibidi uskaniwe. Hara alipata wazo kwenye ubao wa mchezo wa Go, wenye vijiwe vyeusi na vyeupe: kwa nini habari zisiandikwe kwa marefu na mapana? Mraba wake unahifadhi hadi tarakimu 7,089, na ukitengenezwa kwa kiwango cha juu cha kujisahihisha, unasomeka hata takriban asilimia 30 yake ikiharibika.

Kule kiwandani, aliyebandika na aliyeskani walifanya kazi moja. Barabarani mambo ni mengine.

Mwanzoni mwa mwaka 2022, jijini Austin, Texas, viligunduliwa vibandiko vya QR kwenye mita za kulipia maegesho ya magari. Dereva aliyeskani alipelekwa kwenye tovuti ya matapeli iliyomtaka aweke namba za kadi yake ya benki. Jiji lenyewe halikuwa limeweka msimbo wowote kwenye mita hizo! Vibandiko 29 vilikutwa Austin. Mwezi uliotangulia, jiji jirani la San Antonio lilikuwa limekuta zaidi ya 100. Januari hiyohiyo, FBI ikawatahadharisha Wamarekani wote.

Hapo ndipo ilipo hatari yenyewe. Mraba haubebi jini. Mara nyingi unabeba anwani ya tovuti tu. Lakini anwani iliyoandikwa kwa herufi mtu huweza kuisoma na kuishuku. Miraba miwili, wa halali na wa tapeli, machoni pa binadamu ni mamoja, na uchapishaji wa kibandiko haugharimu kitu cha maana.

Hata programu ya kuskani yaweza kugeuka. Mwezi Desemba 2020, programu moja ya Android iitwayo Barcode Scanner, iliyokuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 10, ilipokea sasisho lililoanza kuwafungulia watu matangazo wasiyoyataka. Kampuni ya Malwarebytes iliifichua, na Google ikaiondoa dukani kwake. Simu nyingi za sasa husoma QR kwa kamera yake yenyewe, kwa hiyo hakuna haja ya programu ya ziada.

Kuna na mtego wa WhatsApp. Msimbo wa kuunganisha kifaa kingine na akaunti yako, ukiuskani kwa sababu mgeni amekuomba, unamfungulia yeye mazungumzo yako.

Afrika Mashariki nayo imeingia kwenye malipo ya QR: Tanzania ina mfumo wa TANQR, Kenya ilizindua kiwango chake cha QR mwaka 2023, na vibandiko vya malipo vimejaa madukani. Mteja, soma anwani inayotokea kwenye kioo kabla ya kuifungua, na soma jina la mpokeaji kabla ya kuingiza namba ya siri. Nawe mwenye duka, kila asubuhi pitisha kidole juu ya kibandiko chako. Ukihisi kingine kimebandikwa juu yake, kibandue na utoe taarifa siku hiyohiyo.