Gari la Mbio au Gari Kubwa la Kifahari: Maelezo kwa Mwanachama Anayetaka Kununua



Tangu sheria ya mfuko wa NSSF wa Uganda ilipobadilishwa mwaka wa 2022, mfanyakazi aliyefikisha miaka 45 na kuweka akiba kwa miaka 10 anaruhusiwa kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake kabla ya kustaafu. Hiyo ni haki yake na hatuna neno nayo. Lakini hapa Osukuru, na kule Malaba na Busia, tumeona kwamba pesa hizo zikishatoka, wako wanaojenga, wako wanaonunua ng'ombe, na wako wengi wanaotaka gari. Wala siku hizi mtu hataki gari dogo. Anataka gari la juu. Anakuja katika ofisi ya tawi na picha mbili ndani ya simu, moja ya Harrier inayong'aa, nyingine ya Land Cruiser ya zamani ambayo bei yake imeshuka, na anatuuliza achukue lipi.

Tumeonelea vema tulieleze jambo hili hapa, maana pesa yenyewe ni ya jasho la miaka mingi na haitolewi mara mbili.

Kwanza tuelewane juu ya magari yenyewe. Watu huyaita yote kwa jina moja kwa sababu yote ni marefu kwenda juu na yana magurudumu makubwa, lakini chini ya bodi ni vitu viwili mbalimbali. Land Cruiser, ambayo Toyota walianza kuitengeneza mwaka wa 1951, imejengwa kama lori. Kuna chasisi ya chuma kinene chini, na bodi imefungwa juu yake kwa bolti. Prado nayo ni hivyo hivyo, ila ni ndogo kidogo. Magari haya yana gia ya pili ya nguvu, ile inayoingizwa kwa mkono mdogo au kwa kitufe, ambayo hulifanya gari litambae polepole kwa nguvu nyingi penye matope au mlima mkali.

Harrier ni jambo jingine. Ilipotoka mwaka wa 1997 ilijengwa juu ya Camry, gari la kawaida la abiria, kisha ikainuliwa. Bodi na chasisi ni kitu kimoja. RAV4 ya mwaka wa 1994 na Subaru Forester ya mwaka wa 1997 ni za ukoo huo huo. Hizi ni nyepesi, zinakimbia vizuri, zinashika kona, na aliyezoea gari dogo haoni taabu kuziendesha. Nyingi hazina ile gia ya nguvu. Tena Harrier nyingine huvutwa na magurudumu mawili tu ya mbele, na muuzaji hatakuambia usipouliza.

Halafu yako magari ya Ulaya yaliyotengenezwa kwa ajili ya mbio na fahari kwa pamoja: BMW X5 tangu mwaka wa 1999, Porsche Cayenne tangu 2002, Range Rover Sport tangu 2005. Haya hukimbia kama gari la mashindano, na yana matairi mapana yenye ukuta mwembamba wa mpira. Hapo msidanganywe na umbo. Hata Range Rover yenyewe kubwa, iliyotoka upya mwaka wa 2002, haikuwa tena na chasisi ya kujitegemea, na hubebwa na mifuko ya hewa badala ya springi za chuma. Ni gari zuri kabisa likiwa jipya na mwenyewe ana fundi wa kampuni. Hapa kwetu mfuko wa hewa ukitoboka, gari hulala chini kama ng'ombe mgonjwa mpaka pesa ipatikane.

Sasa tuangalie barabara zetu, maana huko ndiko gari litakakoishi. Kutoka Tororo kwenda Malaba ni lami, na kutoka Tororo kwenda Kampala ni lami. Mtu anayefanya kazi mpakani na kulala mjini anaweza kumaliza mwaka bila kukanyaga matope. Lakini ukiacha lami na kuingia vijijini, ukapita mabonde ya vilima vya Osukuru wakati wa mvua za Aprili, ule udongo mwekundu haujali gari lako limetoka nchi gani. Malori ya mawe nayo huchimba mashimo ambayo Harrier huyapata kwa tumbo. Tumbo la Harrier liko kama sentimita 19 kutoka ardhini, na la Prado kama 22. Sentimita tatu si nyingi mezani, lakini ndizo huamua kama sampu ya oili itarudi nyumbani nzima. Na yale matairi membamba ya magari ya Ulaya, shimo moja lenye ncha huyapasua na kupinda rimu kwa pamoja.

Kwa hivyo mtu angefikiri kwamba tunasema chukua kubwa. Ngojeni kwanza tufanye hesabu.

Kutoka hapa mpaka Kampala na kurudi ni zaidi ya kilomita 400. Harrier ya injini ya lita 2.4, ikiwa nzima na dereva hana papara, hupata kama kilomita 10 kwa lita moja ya petroli. Safari hiyo ni lita 40. Land Cruiser ya V8 ya petroli hupata kilomita 6 na nusu hivi, kwa hivyo inataka lita 60 na zaidi. Tukichukua bei ya shilingi 5,000 kwa lita kwa hesabu nyepesi, wa kwanza ametumia shilingi 200,000 na wa pili zaidi ya 300,000, na wote wawili wamefika Kampala saa ile ile kwa sababu mbele yao kulikuwa na foleni ya malori. Na bei haikai mahali pamoja. Sisi wa mpakani tunakumbuka Januari 2022, madereva wa malori walipogoma Malaba na Busia kwa ajili ya ada ya kupimwa korona, ambayo ilikuwa dola 30 kwa mtu. Madereva walikuwa na haki. Lakini mafuta yaliadimika nchi nzima, na mahali pengine lita ikapita shilingi 10,000. Siku zile magari makubwa yaliegeshwa chini ya miembe.

Mafuta lakini si ndilo jambo kubwa. Jambo kubwa ni hili, na tunaomba mlisome mara mbili. Bei ya gari la kifahari hushuka kila mwaka, lakini bei ya spea zake haishuki. Gari ambalo lilinunuliwa jipya kwa mamilioni mengi sana, likifikisha miaka kumi na mitano utaliona linauzwa kwa pesa ambayo mfanyakazi wa kiwanda anaweza kuifikia. Hapo ndipo mtu husema amepata bahati. Kumbe amenunua gari la tajiri kwa bei ya maskini, na sasa atalitengeneza kwa bei ya tajiri. Injini ya V8 ya dizeli ya Land Cruiser 200, iliyotoka mwaka wa 2007, ina nozeli nane na taboo mbili. Oili yake ni lita 9 au zaidi, wakati Harrier ya 2.4 hunywa lita 4 hivi. Baadhi ya Land Cruiser 100 zina mfumo wa mafuta wa kuinua na kushusha gari, ambao ukianza kuvuja mafundi wengi huung'oa na kuweka springi za kawaida. Gari zima lina uzito wa kama tani mbili na nusu kabla hujaingia wewe na mizigo yako, na uzito huo wote hukaa juu ya bushi, bearingi na pedi za breki, na vyote hivyo vina bei.

Ndiyo maana magari haya huwafaa wale ambao hawalipii mafuta wala spea kutoka mfukoni. Ndugu zetu wa Tanzania wameyapa jina la mashangingi, na jina limeshika. Mwaka wa 2009 serikali ya Kenya iliwaamuru mawaziri wake warudishe magari makubwa na kutumia yenye injini isiyozidi cc 1800, zikanunuliwa Volkswagen Passat, na wako mawaziri waliorudisha shingo upande. Hapa Uganda mwaka wa 2021 kila mbunge alipewa shilingi milioni 200 za kununulia gari. Hatusemi wabunge watembee kwa miguu. Tunasema tu kwamba unapolitamani gari la mheshimiwa, utamani pia na yule anayemlipia.

Gari la mbio nalo lina hatari yake, na hiyo si ya pesa peke yake. Barabara ya kutoka Malaba kupitia Bugiri na Iganga imejaa malori usiku na mchana. Gari lenye nguvu nyingi na sauti ndogo humfanya dereva asijue anakwenda kasi gani. Mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu ambayo breki zinapaswa kuizima huongezeka mara nne. Hiyo si maneno yetu, ni elimu ya shuleni. Gari kubwa kwa upande wake ni zito kusimamisha na ni rahisi kupinduka likikatwa kona kwa ghafla, kwa kuwa uzito wake uko juu. Anayetoka kwenye gari dogo akaingia Land Cruiser inambidi ajifunze upya.

Juu ya kodi tutapita upesi. Tangu mwaka wa 2018, Uganda haikubali kuingiza gari lililofikisha miaka 15 tangu kutengenezwa. Kenya kikomo chao ni miaka 8. Kwa hivyo ile Prado ya umbo la mwaka wa 2002 hadi 2009, ambayo watu wengi huipenda, haiwezi tena kuagizwa kutoka Japani. Utaipata tu kwa mtu aliye hapa, ambaye ameshaitumia. Ushuru wa forodha, ambao kwa miaka mingi umekuwa asilimia 25, na VAT ya asilimia 18, hupigwa juu ya thamani, na gari kuukuu huongezewa kodi ya mazingira. Gari la thamani kubwa huvuta kodi kubwa. Na wako watu pale mpakani wanaokushauri ununue gari la nambari za Kenya, eti ni rahisi, ukaliendeshe huku kwa kibali cha muda. Kibali cha muda kina tarehe ya mwisho. Likikamatwa bila kulipiwa ushuru, gari ni la forodha, na akiba yako imekwenda nalo.

Tukiulizwa maoni yetu, tunasema hivi. Anayetaka gari la familia na la kwenda kazini kwa njia ya lami, watu wasiozidi watano, achukue lile jepesi la Japani, na kama ana uchaguzi achukue la injini ndogo. Atapata spea Tororo, Mbale na hata Malaba, na fundi yeyote analijua. Anayetaka gari la kukodisha, la kubeba watu saba kwenda harusini na msibani vijijini, au anayelima na kubeba mazao, chasisi itamfaa. Lakini atosheke na Prado, na kwa maoni yetu ya petroli ya lita 2.7 ndiyo yenye amani, maana haina taboo wala nozeli za bei kali. Ni nzito kuondoka na wenye haraka huidharau. Prado ya dizeli ya lita 3 hula kidogo na huvuta vizuri, lakini nozeli zake zikichakaa na mwenyewe akaendelea kuendesha, pistoni hupasuka. V8 na yale ya Ulaya ya mbio, mwenye kutegemea mshahara ayaache, hata akipewa kwa nusu ya bei.

Tena asiongezee pesa kwa kukopa kwa wale wanaoshika kadi ya gari. Tumewaona wenzetu waliotoa akiba ya NSSF, wakakopa nusu nyingine, gari likaharibika mwezi wa tatu, likachukuliwa na mkopeshaji likiwa limesimama gereji. Ikibidi kukopa, afadhali akope kwenye chama cha akiba na mikopo cha wafanyakazi, ambako riba inajulikana na watu wanajuana.

Siku ya kwenda kuliona gari, nenda asubuhi kabla injini haijawashwa, uiguse ikiwa baridi. Ikiwashwa, tazama moshi: wa buluu ni oili inayoungua, na mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto ni maji yanayoingia kwenye silinda. Ingia chini na tochi uangalie chasisi, kwa kuwa magari yaliyotoka sehemu za theluji huko Japani huliwa na chumvi inayomwagwa barabarani, na rangi mpya nyeusi chini ya gari kuukuu si dalili njema. Ingiza ile gia ya nguvu uone kama inashika kweli. Usiamini kilomita zinazoonyeshwa kwenye dashibodi. Tazama mpira wa pedali ya breki na ngozi ya usukani, vilivyolika havirudishwi nyuma. Mwende na fundi wenu, si fundi wa muuzaji. Kadi ya gari ipelekwe kwanza ofisi ya usajili ikahakikiwe kama haina deni wala kizuizi, na katika makubaliano iandikwe nambari ya chasisi ile ile iliyogongwa kwenye chuma, si ile tu iliyo kwenye karatasi, mbele ya mashahidi wawili. Mwanachama asiyejua kuandika makubaliano hayo aje ofisini Jumamosi asubuhi, tutamwandikia bila malipo.