Dawa Rahisi au Dawa ya Bei Nafuu?

Kiingereza kina neno "cheap", na mara nyingi hubeba dharau. Wafaransa husema "pas cher", yaani si ghali, au "bon marché", soko zuri. Sisi tuna rahisi, lililotoka Kiarabu, na nafuu, neno lilelile tunalolitumia mgonjwa akianza kupona.

Kuchagua kati ya hayo mawili kuna uzito kwa watoto wanaomtafsiria bibi huku ugenini. Mfamasia akibadilisha dawa yenye jina maarufu kwa ile isiyo na jina la kibiashara, mtoto akasema "dawa rahisi", bibi anaweza kudhani ni hafifu na kuiacha kabatini. Mwambieni hivi: kiini cha dawa ni kilekile, bei ndiyo nafuu.